Ihtikari, Hukumu ya Mahakama na Fungu la Mwenye Hisa

  

Mwezi wa nane mwaka 2024, baada ya darsa ya Maghribi katika msikiti wetu hapa Kimuli, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa amesikia redioni kwamba jaji wa Washington ameihukumu kampuni ya Google kuwa imehodhi soko la kutafuta habari kwenye intaneti kinyume cha sheria. Nikadhani anataka kujua Google ni nini. Kumbe hakuwa na haja hiyo. Akasema: "Sheikh, mimi nina hisa za kampuni ya simu tangu mwaka 2017. Ikiwa kesho hapa kwetu Tume ya Ushindani itaihukumu kampuni hiyo kama ilivyohukumiwa hiyo ya Marekani, yale magawio niliyokwisha kula ni nini? Na hisa yangu ikishuka bei kwa sababu ya hukumu, je, nimedhulumiwa?"

Mzee mmoja aliyekuwa anavaa viatu akacheka: "Wewe una hisa, mwanangu. Sisi tuna kahawa." Nikamwambia Mzee, nawe una hisa, maana hakuna mwanachama wa chama cha msingi asiyelipia hisa. Akanyamaza, kisha akavua viatu akarudi kuketi. Makala hii ni majibu ya usiku ule, niliyoyapanua baada ya kurejea vitabuni.

Tuanze na asili ya mambo. Imam Muslim amepokea kwa njia ya Ma'mar bin Abdillah (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosaji. Ajabu ya mapokezi hayo ni kwamba mpokezi wake, Said bin al-Musayyib, aliambiwa: mbona wewe mwenyewe unahodhi? Akajibu kuwa hata Ma'mar aliyeipokea hadithi alikuwa akihodhi. Maulamaa wakaeleza kuwa walichokuwa wakiweka ni mafuta na mfano wake, si chakula ambacho watu wanakihitaji. Hapa ndipo madhehebu zilipoachana. Mashafii, ambao ndio sisi wengi wa Afrika Mashariki, wameiweka haramu ya ihtikari katika chakula. Imam Malik akaipanua kwenye kila kitu ambacho kukihodhi kunawadhuru watu sokoni, na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, ana kauli iliyo karibu na hiyo. Mwenye kushikilia kauli ya Mashafii peke yake atasema programu ya kompyuta si mtama wala si tende, kwa hiyo haina ihtikari. Mimi katika jambo hili naelemea kauli ya Malik na Abu Yusuf, kwa sababu sababu ya hukumu ni madhara, na madhara hayachagui ghala la nafaka.

Tena fuqahaa hawakuishia kwenye ghala. Abu Hanifa na wenzake waliwakataza wagawaji wa mali, wale wanaolipwa ujira kugawa mirathi na mashamba, wasiungane kuwa shirika moja, kwa sababu watu wanawahitaji na wakiungana ujira utapanda. Ibn Taymiyya katika maandishi yake juu ya hisba alitaja hali iliyo nzito zaidi: watu kulazimishwa kuwa bidhaa haiuzwi ila na watu maalumu, na mwingine akiuza anazuiwa. Akaona hiyo ni dhulma, na kwamba watu hao, maadamu wamepewa soko peke yao, ni wajibu walazimishwe kununua na kuuza kwa thamani ya mfano, yaani bei ya haki. Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akaifuata kauli hiyo. Hii ni pamoja na kujua kwao kwamba Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Anas (r.a.), alikataa kupanga bei pale bei zilipopanda Madina. Walisema pale bei ilipanda kwa kudra, si kwa hila ya mtu.

Kuna kisa kingine ambacho nitakirudia mbele, basi msomaji akishike. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kuwa Umar bin al-Khattab (r.a.) alimpitia Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu sokoni kwa bei nafuu kuliko wenzake. Akamwambia ama apandishe bei ama aondoke sokoni. Kiongozi anamwambia mtu apandishe bei! Wamaliki wengi waliona hapo ulinzi wa soko: anayeshusha bei hadi wenzake waondoke, kesho atabaki peke yake. Lakini Imam Shafii amepokea kisa hicho kwa urefu zaidi, kwamba Umar alirudi akajihesabu, kisha akamwendea Hatib nyumbani kwake akamwambia kuwa ile haikuwa amri wala hukumu, bali alitaka kheri ya watu wa mji, na sasa auze apendavyo.

Kwetu huku magharibi ya ziwa, mkono mmoja sokoni haukuja na Wazungu. Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, wafanyabiashara Waislamu walikuwa wamekwisha kuweka makazi Kafuro, wakinunua pembe za ndovu chini ya ulinzi wa mfalme. Stanley alimkuta huko mwaka 1876 Ahmed bin Ibrahim, yule yule anayetajwa kuwa alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 na kuusema Uislamu katika baraza lake. Upande wa Buhaya, kahawa ya kutafuna ilikuwa kitu cha heshima, na raia hakupanda mkahawa ila kwa ruhusa ya Mukama. Mjerumani alipoivunja ruhusa hiyo, mikahawa ikaenea. Kisha zikaja zamu, kila zamu na mnunuzi wake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliishika kahawa ya Bukoba chini ya bodi. Mwaka 1950 kikaandikishwa chama kikuu cha Bukoba, BNCU. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima na mamlaka ya kahawa ikachukua nafasi yao, hadi viliporudishwa miaka ya 1980. Mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake, KDCU. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2018 serikali ikaagiza kahawa yote ipite tena katika vyama vya ushirika.

Nimeishi ndani ya zamu tatu katika hizo. Mnunuzi alipokuwa mmoja na malipo yakachelewa, magunia yalivuka mto Kagera usiku kwenda Uganda, na aliyekamatwa aliitwa mwizi wa kahawa aliyoipalilia mwenyewe. Wanunuzi walipokuwa wengi, bei ilichangamka, lakini butura nayo ikanenepa, yaani kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini kwa mwenye fedha anayengoja mavuno. Ibn Umar (r.a.) amepokea katazo la kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, nalo liko kwa Bukhari na Muslim. Nami nakiri kuwa nauli yangu ya kwanza ya kwenda chuoni kusoma Kiarabu ilitoka kwenye butura ya marehemu baba yangu. Hakuwa na njia nyingine mwezi ule. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa dawa ya ukiritimba ni wanunuzi wengi tu, au kwamba dawa ya walanguzi ni mnunuzi mmoja tu, humsikiliza kwa adabu na sina la kumwongezea.

Unguja na Pemba wana kisa kikubwa kuliko chetu, na inafaa wanafunzi wakijue. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa mwaka 1927, enzi ya Sultani Khalifa bin Harub chini ya ulinzi wa Waingereza. Wakati huo mashamba mengi ya Waarabu na Waswahili yalikuwa yamezama katika madeni ya wakopeshaji wa Kihindi, na riba yake anaijua Mola. Mwaka 1934 serikali ikatoa sheria kadhaa kwa pamoja, ya kuzuia ardhi isihamie kwa wasio wenyeji, ya leseni za kusafirisha karafuu, na ya kukipa chama nguvu. Mwaka 1937 ikaenda mbali zaidi: chama ndicho kitakachonunua karafuu za mkulima, na msafirishaji hana budi kununua kutoka chama.

Nia iliyotangazwa ilikuwa kumwokoa mwenye shamba. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma. Habari zikafika India, na Chama cha Congress kikaunga mkono kususia karafuu za Zanzibar, wakati India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa. Karafuu zikalala. Hapakuwa na jaji aliyekaa kuamua nani kaonewa, kiti cha jaji kilikaliwa na soko lenyewe. Mwaka 1938 serikali ikapatana na wafanyabiashara: wakarudishiwa haki ya kununua kwa wakulima, kwa sharti la kuchukua sehemu maalumu ya karafuu zao kutoka chama. Hasara ya msimu ule aliibeba nani? Si ofisa aliyeandika sheria. Aliibeba mwanachama, yule ambaye sheria iliandikwa kwa jina lake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi akawa mmoja tena, shirika la biashara la serikali, na kwa miaka mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa mbali sana na ile ya soko la dunia, na magendo ya karafuu kwenda Mombasa yakawa kama yale ya kahawa yetu. Haya nayapita, kwani yanahitaji makala yake.

Sasa tuje kwenye kampuni ya programu, maana kijana aliuliza ya Marekani. Kabla ya Google palikuwa na Microsoft. Mwishoni mwa miaka ya 1990 programu yake ya Windows ilikuwa ndani ya kompyuta za mezani zaidi ya 90 katika kila 100. Palikuwa na kampuni ndogo, Netscape, iliyotengeneza programu ya kuingilia kwenye intaneti. Microsoft ikatengeneza ya kwake, ikaifunga pamoja na Windows na kuitoa bure, na ikawabana watengenezaji wa kompyuta kwa mikataba ili ya Netscape isipate nafasi. Msomaji akumbuke zabibu za Hatib. Bei ya chini kabisa ni bure, na mnunuzi huishangilia. Tofauti ni kuwa Hatib hakumfungia mtu mlango wa soko.

Serikali ya Marekani pamoja na majimbo mengi ilifungua kesi tarehe 18 Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson alitoa uchambuzi wa ushahidi Novemba 1999, na tarehe 3 Aprili 2000 akahukumu kuwa kampuni imevunja sheria ya kuzuia ukiritimba. Siku hiyo moja hisa ilianguka kwa kiasi cha asilimia 14, na thamani ya kampuni ikapungua takriban dola bilioni 80. Ni kweli kwamba wakati ule soko zima la kampuni za intaneti lilikuwa linaporomoka, na si haki kuitwika mahakama mzigo wote. Lakini mtu aliyestaafu akiwa na hisa zake aliona akiba yake inapungua kwa neno la jaji. Tarehe 7 Juni mwaka huo jaji akaamuru kampuni igawanywe vipande viwili.

Haikugawanywa. Tarehe 28 Juni 2001 mahakama ya rufaa iliibatilisha amri ya kugawa na ikamwondoa jaji katika kesi, kwa kuwa alizungumza na waandishi wa habari kabla ya kumaliza kazi yake. Wanafunzi wa adabu za kadhi wana la kujifunza hapo. Lakini mahakama hiyo hiyo ilithibitisha kuwa kampuni ililinda ukiritimba wake kwa njia haramu. Wakapatana na serikali, na mapatano yakapitishwa na Jaji Colleen Kollar-Kotelly Novemba 2002: watengenezaji wa kompyuta waachiwe huru kuweka programu za wengine, na siri za kuunganisha programu zitolewe. Ulaya nayo ikaitoza faini ya euro milioni 497 mwaka 2004. Washindani wakalipwa mamilioni kwa mamilioni kumaliza kesi zao.

Na mwenye hisa? Kampuni ilikuwa haijawahi kutoa gawio tangu ianze kuuza hisa mwaka 1986. Ilitangaza gawio la kwanza mwaka 2003, na mwaka 2004, kesi kubwa zikiwa zimepungua, ikagawa dola 3 kwa kila hisa, jumla yake kiasi cha dola bilioni 32. Fedha ile ilikuwa imewekwa muda mrefu kwa hofu ya mahakama, pamoja na sababu nyingine. Ama bei ya hisa, haikurudi kwenye kilele cha Desemba 1999 hadi mwaka 2016. Aliyenunua kileleni alisubiri miaka 17. Tena kugawanywa si lazima kuwe hasara: mahakama kuu ya Marekani ilipoivunja kampuni ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1911 ikawa kampuni 34, kila mwenye hisa alipewa fungu lake katika vipande, na muda si mrefu vipande vikawa na thamani kuliko kilichovunjwa. Rockefeller mwenyewe alitajirika zaidi kwa kuvunjiwa.

Karibu na sisi iko Safaricom ya Kenya. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na watu wa kawaida mamia kwa maelfu wakanunua, wengine kwa mkopo. Ndani ya mwaka mmoja bei ikawa chini ya shilingi 3 na wengi wakauza kwa uchungu. Malalamiko ya ushindani yakaja kuhusu M-Pesa: wakala aliyetumikia M-Pesa alifungwa na mkataba asitumikie mwingine. Airtel ikapeleka shauri kwa mamlaka ya ushindani, na Julai 2014 Safaricom ikawafungulia mawakala wake wafanye kazi na kampuni nyingine. Wapo waliosema huo ndio mwisho wa faida. Kufikia mwaka 2021 hisa ile ya shilingi 5 ilikuwa imepita shilingi 40.

Baada ya haya, jibu. Mwenye hisa ni mshirika kwa kadiri ya fungu lake, na wakurugenzi ni mawakili wake. Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha saba, Jeddah, mwaka 1992, lilipitisha kuwa kushiriki katika kampuni yenye lengo na kazi halali kunajuzu. Kampuni ya simu asili ya kazi yake ni halali. Makatazo mengi ya sokoni, kama lile la kuwalaki wenye misafara nje ya mji, kwa jumhuri ya maulamaa humpa dhambi mtendaji lakini hayabatilishi mauzo. Basi gawio alilokula kijana kabla ya kujulikana lolote ni halali yake. Yuko miongoni mwa masheikh wenzangu asemaye kuwa ziada iliyopatikana juu ya bei ya haki ni lazima itolewe sadaka kama inavyotolewa riba iliyochanganyika. Hoja yake ina nguvu pale mahakama inapoitaja ziada hiyo kwa kiasi. Pale isipotajwa, sioni mwenye hisa 200 ataikadiria vipi, na taklifu haiwi kwa asichokiweza mtu.

Ama kushuka kwa hisa kwa sababu ya hukumu ya haki, hiyo si dhulma. Kanuni inajulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi: mapato hufuata dhamana. Aliyekubali kupanda kwake amekubali kushuka kwake. Dhulma inaingia kwa mlango mwingine: wakurugenzi wakivunja sheria kwa kujua, wamevuka mipaka ya uwakala, na wakili aliyevuka mipaka hudhamini. Faini ya kampuni inatoka katika mfuko wa wenye hisa, na aliyefanya kosa anaweza kuwa amekwisha kuondoka na marupurupu yake. Katika hilo wenye hisa wana haki ya kudai, na sheria za nchi nyingi zinawapa njia. Na akishajua kuwa kampuni inaendelea kuwabana watu baada ya hukumu, naona ni wajibu aseme katika mkutano mkuu, au auze atoke. Hukumu ikiwa imekwisha kutangazwa hadharani, kuuza kwake si kuficha aibu ya bidhaa. Akiuza kabla, kwa siri aliyoipata kwa mtu wa ndani, huo ni ughushi.

Kijana akasema kuwa huo mkutano mkuu hufanyika Dar es Salaam, na nauli ya kwenda na kurudi ni kubwa kuliko gawio lake la mwaka. Nikamwambia ampe mtu barua ya uwakilishi. Sikuwa na jibu bora.

Yule Mzee akauliza: "Na chama chetu cha msingi je, ambacho kwa amri hatuuzi kahawa ila kwacho?" Nikamsomea maneno ya Ibn Taymiyya, nikamfasiria: aliyepewa soko peke yake analazimika bei ya haki, na anayemsimamia anawajibika kuhakikisha. Akaniuliza tena, kwa hiyo katika mkutano wa wanachama unaokuja, nani atasimama kuyasema haya, yeye au mimi? Adhana ya Isha ikaingia.

Wallahu aalam.